Nshomile tusiojua mubilizi

Wadau, mniwie radhi kwa ukimya. Nilikuwa nyumbani Rubya, na safari hii haikuwa ya likizo. Tulikwenda kumzika bibi.

Pole zenu nimezipokea, asanteni sana. Bibi alikuwa na miaka themanini na kitu, alifariki usingizini kwenye kitanda chake, akazikwa kwenye kibanja chake mwenyewe, jirani na babu. Hatuna la kumlalamikia Mungu. Ninachotaka kuandika leo ni jambo lililotokea siku ya tisa baada ya mazishi. Tangu siku ile nina hasira. Hasira yenyewe inaanza kwangu, halafu inakuja kwenu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Ilikuwa jioni, jua linazama. Mama mmoja jirani alikuja na mtoto mgongoni. Alikuwa amekaa miezi kadhaa kwa ndugu zake Geita, hakuwa na habari za msiba. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma akapiga hodi jikoni, kama walivyozoea wote waliokuwa wakija kwa bibi kutafuta majani. Nikamwambia kilichotokea. Akakaa chini, akalia, akajifuta uso kwa kitenge, kisha akauliza swali ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo:

"Sasa ile dawa ya tumbo ya watoto alimwachia nani?"

Tukatazamana. Wajukuu tulikuwa watano pale: mhasibu mmoja, mwalimu wa sekondari mmoja, mwenye shahada ya pili mmoja, binti anayesoma uuguzi, na mimi mwandishi wa habari. Hakuna aliyejibu. Nikatoka nje, nikasimama katikati ya kibanja. Juu migomba, chini yake mibuni, na kandokando ya ukuta wa jiko mimea aliyoipanda bibi kwa mkono wake. Mubilizi niliutambua, maana hakuna mtoto wa Kihaya aliyewahi kulazimishwa kuunywa akausahau ule uchungu. Mshubiri niliutambua. Mingine yote kwangu ilikuwa majani tu.

Mtoto yule tulimpakia kwenye bodaboda na mama yake wakaenda hospitali. Akapewa maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki, akapona. Naliandika hili mapema ili asije mtu akasema napigana na hospitali. Mtoto wangu akiharisha nami nitakimbilia huko huko. Na kama majani ya bibi yangemsaidia mtoto yule, mimi siwezi kusema. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna anayeweza kusema, na sasa hakuna atakayeweza.

NSHOMILE

Wasiotoka Kagera wanatutania Wahaya kwa neno hilo: nshomile, yaani nimesoma. Mnajua vichekesho vyake, sina haja ya kuvirudia. Na mkitaka kujua utani huo ulitoka wapi, Rubya ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye kilima kile ipo seminari iliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita, enzi za Wajerumani. Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kadinali, mwaka 1960, alipita pale akiwa kijana. Hospitali ipo pale pale. Vijana wa Ihangiro wamejifunza Kilatini pale miongo kwa miongo.

Kilatini! Na mubilizi una jina la Kilatini, Vernonia amygdalina. Mimi nimelijua mwaka huu, nikiwa kwenye basi, kwa simu. Nimeunywa tangu sina meno, sikuwahi kuuliza ni mti gani, unafanya nini mwilini, kiasi gani kinatosha, nani asiupewe. Nimekwishawahoji mawaziri. Nimewahoji wakurugenzi, wabunge, wachezaji mpira, hata mshindi wa bahati nasibu. Kinasa sauti nilichokuwa nakiweka mbele ya watu hao nilikwenda nacho Rubya kila Krismasi, kikakaa ndani ya begi, na bibi yuko jikoni hatua kumi kutoka hapo.

Halafu najiita msomi.

Msicheke. Ninyi mnaosoma kibaraza hiki mko Dar, Mwanza, Arusha, Nairobi, wengine mko ughaibuni. Kila mmoja wenu ana bibi, au alikuwa naye. Wa Kichaga, wa Kisambaa, wa Kimakonde, wa Kijaluo, haidhuru. Nitajieni mimea kumi aliyoitumia, na kila mmoja ulivyotayarishwa. Mmeishia mwarobaini, eeh? Na mlonge, kwa sababu unauzwa kwenye makopo yenye nembo nzuri.

WALIOULIZA WALIPATA

Sisemi mababu na mabibi walijua kila kitu. Nasema walijua jambo, na waliopiga magoti kuwauliza hawakutoka mikono mitupu.

Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale, mkoani Kigoma, mtafiti mmoja anayeitwa Michael Huffman alikuwa akifuatilia sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa hifadhi aliyeijua misitu ile kama kiganja chake. Wakamwona sokwe jike, mgonjwa, mnyonge, anavunja tawi, anamenya ganda na kutafuna kiini chake kichungu ambacho sokwe wenzake hawakigusi. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Ni Kalunde aliyemwambia mtafiti kwamba mti ule Watongwe wanauita mjonso, na kwamba kwao ni dawa kali. Mjonso ndio huo huo mubilizi wetu. Kisa hicho kimefungua tawi zima la utafiti kuhusu wanyama wanaojitibu, kinafundishwa vyuo vikuu duniani. Kilianza kwa Mtanzania mmoja aliyekuwa anaujua mti kwa jina na kwa kazi yake.

Mfano wa pili mmeumeza wenyewe. Dawa mseto, ile ya malaria tunayoitumia nchini tangu mwaka 2006, nusu yake inatokana na mmea wa Kichina uitwao qinghao. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alipewa kazi na serikali yake mwaka 1969. Akakusanya maelekezo ya tiba za kienyeji, yakafika mamia, akapima na kushindwa, akapima na kushindwa. Kilichomwokoa ni kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa karne ya 4. Humo kulikuwa na maelekezo mafupi ya jinsi mmea ule ulivyotayarishwa: uloweke, uukamue, unywe maji yake. Hapakuwa na neno juu ya kuchemsha. Tu Youyou akashtuka, kumbe moto ndio ulikuwa unaua dawa! Mwaka 1971 akabadilisha njia, akatumia joto la chini, ikakubali. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Fikirini hapo. Tabibu wa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita aliandika mstari mmoja kuhusu namna ya kuandaa majani, na mstari huo umeokoa watoto wa Muleba. Je, bibi yangu alikuwa anachemsha au analoweka? Sijui, wadau. Nilikuwa naletewa kikombe.

"NI YA ASILI, HAINA MADHARA"

Sasa nawageukia wale wanaonishangilia hadi hapa. Najua mpo. Ninyi ndio mnaotuma kwenye makundi ya simu zile jumbe za "wazungu hawataki ujue hili". Nanyi mna lenu leo.

Uongo mkubwa kuliko wote katika biashara hii ni kwamba kitu cha asili hakina madhara. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake wapatao 100 waliharibika figo baada ya kutumia dawa za mitishamba za kupunguza unene, ambazo ndani yake uliingizwa mmea wenye sumu. Wengine waliishia kuwekewa figo za watu. Yalikuwa majani tu, yale "yasiyo na kemikali".

Mnataka mfano wa karibu? Nina baba mdogo, anaishi Dar, ana kisukari. Kila mwezi alikuwa akiletewa mubilizi mkavu kutoka nyumbani, umefungwa kwenye bahasha ya kaki, unakuja kwa basi. Asubuhi anameza vidonge vya hospitali, kisha anakunywa kikombe cha mubilizi. Jioni tena hivyo hivyo. Mubilizi umeonekana kwenye majaribio ya wanyama kuwa unashusha sukari. Vidonge navyo vinashusha. Alfajiri moja shangazi yangu, mke wake, alimkuta ameloa jasho, haongei, macho hayaoni. Tulimwahi. Alipozinduka daktari wa zamu akamuuliza kama kuna kitu kingine chochote anachotumia. Baba mdogo, mtu mzima mwenye wajukuu, akatikisa kichwa: hakuna.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alidanganya. Akaniambia miaka ya nyuma, kwenye kliniki moja, aliwahi kusema ukweli, akafokewa mbele ya wagonjwa wenzake kama mtoto. "Unakuja hapa kufanya nini kama una mganga wako?" Akaapa hatasema tena.

Basi ona jinsi mambo yalivyo. Nyumbani hakuna aliyejua kipimo. Kliniki hakuna aliyetaka kusikia. Mgonjwa yuko katikati na siri yake, na siri hiyo nusura imuue. Wala sidhani kama baba mdogo ni wa peke yake.

Na sisi taifa zima tumekuwa kama yeye. Tunaficha, kisha siku moja tunapasuka wote kwa pamoja. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kwa shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, dawa iliyotokana na mzizi wa mugariga. Msururu wa magari ukaenda kilomita nyingi. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri. Wagonjwa wengine walitoka vitandani hospitalini, wengine waliacha dawa za kufubaza virusi, na kuna waliofia njiani. Mwaka 2020 ikaja korona, tukaagiza chupa za dawa kutoka Madagaska, tukajifukiza nyungu, tukauziana tangawizi kwa bei ya dhahabu. Kila mara tunaanza na kelele. Kupima kunakuja baadaye, tena kimyakimya, wakati watu wameshahamia habari nyingine.

Taifa lenye utaratibu wa kupima haliwezi kushtukizwa na kikombe.

WAGANGA NANYI

Nije kwenu mnaojiita waganga. Si wote, lakini mnajuana.

Bibi yangu hakuwahi kujiita mganga. Kihaya kina neno omufumu, na angemfukuza kwa mchi mtu yeyote ambaye angemwita hivyo, maana omufumu anapiga ramli na bibi hakuwa na ramli. Alikuwa mama anayejua majani, basi. Alikuwa akilipwa ndizi, au maharage, au asante. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili watoa tiba, ili mtu wa majani atofautishwe na tapeli. Hebu tembeeni barabarani muone. Kila nguzo ya umeme ina kibandiko: nguvu za kiume, mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, kupandishwa cheo. Hiyo nayo inaitwa tiba asili!

Nasi wa Muleba hatuna ruhusa ya kulizungumza hili kwa utani. Mei 2024, Kamachumu, wilayani kwetu, mtoto mwenye ualbino ambaye hajafika hata miaka mitatu aliporwa mikononi mwa mama yake. Juni akapatikana amekufa, viungo vimenyofolewa. Miongoni mwa watuhumiwa waliotajwa na polisi alikuwamo mganga wa jadi. Hukumu ni ya mahakama, si yangu. Langu ni hili: maadamu maarifa ya majani yamefungiwa kwenye chumba chenye giza, muuaji na bibi yangu wataendelea kuitwa kwa jina moja. Anayefaidika na giza hilo si bibi.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema usiri ndio heshima ya tiba yetu. Dawa inayofanya kazi haiogopi kutajwa jina.

NA NINYI MADAKTARI NA WATAFITI

Msidhani nimewasahau. Mnaowafokea wagonjwa, mnawafundisha uongo. Mgonjwa akishajifunza kuwaficha, vipimo vyenu vyote mnavifanya gizani.

Kagera tunajua gharama ya watu kuficha ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Machi 2023 Marburg ikatangazwa Bukoba Vijijini, watu sita wakafa, mmoja wao mhudumu wa afya. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo, wakafa wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa. Ugonjwa wa namna hiyo ukimwingia mtu kijijini, anaweza kabisa kuanzia kwa bibi wa majani kabla hajafika zahanati. Bibi huyo akiwa rafiki wa zahanati, atapiga simu siku ile ile. Akiwa adui anayefokewa, atanyamaza, naye atakufa, pamoja na nyumba yake yote. Chagueni.

Watafiti nawapa heshima yenu. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili, kazi yake ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Watu wake walifika kwetu. Mwaka 2010 walichapisha orodha ya mimea ya tiba ya kata ya Katoro, Bukoba, na mwaka 2012 wakachapisha ya kijiji cha Kikuku, wilayani Muleba. Ndiyo makala niliyoisoma kwenye basi. Kazi nzuri, ya bidii, mimea imetajwa mmoja mmoja na matumizi yake.

Ila imeandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Beijing anaweza kuisoma sasa hivi, bure. Wazee wa Kikuku waliotoa maarifa hayo hawawezi. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii anayezunguka Kikuku kwa miguu, huyo aliyeihitaji kuliko wote, sidhani kama anajua kuwa ipo. Kila tarehe 31 Agosti tunaadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika kwa hotuba na fulana. Mwaka mmoja tu, jamani, bajeti ya fulana ichapishe kijitabu cha Kiswahili na Kihaya, kigawiwe zahanati zote za Muleba!

"WATATUIBIA"

Hapa ndipo mjadala huwa unaishia kwenye vijiwe. Ukisema tuandike, mtu anaruka: wazungu wataiba.

Wanaiba kweli, sikatai. Lakini sikilizeni kisa cha manjano, hii hii ya pilau. Mwaka 1995 chuo kimoja cha Marekani kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Yaani kitu ambacho kila mama wa Kihindi anakijua, kimegeuzwa uvumbuzi wa Mississippi! Wahindi wakapeleka pingamizi. Walishindaje? Walileta MAANDISHI. Vitabu vya kale na majarida ya kwao, ushahidi kwamba jambo lile lilijulikana zamani. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kisha India ikaanza kujenga hazina ya kidijitali ya tiba zake, kusudi mwizi wa kesho akutane na karatasi mlangoni.

Bibi yangu alificha siri zake zote vizuri sana. Hakuna mzungu aliyeziiba. Ziko chini ya mgomba, futi sita.

Pingamizi la pili: kupima dawa ni gharama, ni kazi ya wenye maabara kubwa, sisi kijijini tutaweza wapi. Aliyesema hivyo hajui wilaya yangu. Kuanzia mwaka 2015 Muleba ilikuwa uwanja wa jaribio la vyandarua vya aina mpya, vyenye kiambata cha kuvunja usugu wa mbu. Maeneo 48 ya wilaya yaligawanywa kwa bahati nasibu, watoto wakapimwa damu awamu kwa awamu, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wa London. Matokeo yalisaidia kulishawishi Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, kuvipendekeza vyandarua hivyo. Yalipochapishwa mwaka 2018, dunia ilisoma jina la Muleba. Watoto wa nchi nyingi wanalala salama kwa sababu ya damu iliyotolewa kwenye vidole vya watoto wa kwetu.

Wilaya iliyoweza kuifundisha dunia juu ya chandarua inashindwaje kuupima mubilizi?

Na kupima ni kupima. Sitaki mtu anipigie makofi halafu alie matokeo yakija. Tukipima mimea hamsini ya mabibi zetu, huenda arobaini ikashindwa. Mingine itaonekana ni sumu, tutawaambia watu waache, hata kama babu wa babu aliitumia. Ule mmea wa Kichina wenyewe, Shirika la Afya Duniani linawakataza watu kuunywa kama chai wakidhani ni dawa ya malaria, kwa sababu kipimo hakijulikani na vimelea vinaweza kujenga usugu. Hiyo ndiyo adabu ya kazi hii. Anayependa tiba asili kwa dhati atataka ijulikane ipi ni dawa na ipi ni maji machungu tu.

NINALOWATAKA

Sina maombi marefu.

Wewe uliye na bibi hai, au babu, au mama mkubwa anayejua: nenda. Chukua daftari, chukua simu yenye kamera. Kila mmea andika jina kwa lugha yenu, sehemu inayotumika, namna ya kuandaa, kiasi, na nani hatakiwi kupewa. Hilo la mwisho usilisahau, mjamzito na mtoto mchanga uwaulizie kwa majina. Usijaribu kumtibu mtu. Kazi yako ni kuandika. Wenye utaalamu watapima.

Wewe daktari, au unayesomea udaktari: mgonjwa akikaa mbele yako muulize anakunywa nini nyumbani, umuulize kwa sauti ile ile unayoulizia mzio. Kisha usikunje uso.

Wewe unayekunywa kitu nyumbani: mwambie daktari. Akikufokea, sema tena.

Mimi nimeanza, kwa kuchelewa. Nilibaki Rubya siku nne zaidi nikakaa na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akimsaidia bibi zamani kabla hajaolewa. Tulizunguka kibanja asubuhi, umande haujakauka. Tumepata mimea 14. Shangazi alijua majina ya 13. Kazi zake alijua za tisa. Kipimo alikuwa na uhakika wa minne tu, na kwa ile dawa ya tumbo ya watoto alinionyesha mimea miwili akasema ni mmojawapo, hakumbuki upi.

Huo wa 14 umeota kwenye kona ya jiko, una maua madogo ya zambarau. Majirani nao hawaujui. Dada yangu anasema kiangazi chote kilichopita, maji yalipokuwa ya shida, bibi alikuwa akiumwagilia kwa kikombe. Aliumwagilia huo peke yake.

Nimeupiga picha. Nitaipeleka Muhimbili watanipa jina la Kilatini, hilo sina shaka. Kwa nini aliumwagilia, hilo sina wa kumuuliza.

Nawasilisha.